Gita la Shingo Mbili la Nyagaka

Mashine ya kusaga majani ya chai haina mama wala baba. Haijui huyu ni mpiga gita na yule ni mbeba magunia. Ukiipa mkono, inachukua mkono. Mwaka wa tisini na tano, katika kiwanda kimoja upande wa Kericho, ilichukua vidole vitatu vya mkono wa kushoto wa Nyagaka, na kabla hajamaliza kupiga yowe majani mengine yalikuwa yameshapita palepale.

Msiniulize alitia mkono kwa nini. Kila mtu mle ndani alikuwa anatia mkono. Majani yakikwama, sheria ilikuwa uzime mashine umngoje nyapara. Lakini ukizima, kazi yote inasimama, na nyapara anakuja na matusi mengi kuliko spana. Kwa hiyo watu waliyasukuma majani kwa kijiti, na kijiti kikikosekana, kwa mkono. Nyagaka alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, na nyapara alimwona akifanya, akanyamaza. Baada ya ajali ndipo nyapara huyohuyo akakumbuka kwamba kuna sheria ukutani.

Vilibaki kidole gumba na kile kidogo cha mwisho.

Kwa mtu mwingine ungesema pole, shukuru Mungu, mkono wa kulia upo. Lakini huyu alikuwa mtu wa gita. Jumamosi jioni watu wa kambi walijaa kwenye holi kumsikiliza, Wakisii kwa Wakipsigis, hata wale walokole waliosimama nje ya dirisha wakijifanya wanapita tu. Na gita linataka vidole vya kushoto. Hivyo ndivyo vinavyokaba nyuzi. Aliporudi kutoka hospitali alilitazama gita lake ukutani, akamwambia mkewe Phanice alitoe lisikae mbele ya macho yake. Phanice akalipeleka kanisani akawapa vijana wa kwaya. Kiwandani Nyagaka alipewa koti refu na rungu, akawa mlinzi wa lango. Nyumba ya kambi ikabaki yao, kwa sababu Phanice alikuwa mchumaji chai na mwenye vidole kumi.

Ingeishia hapo, angezoea. Watu huzoea makubwa kuliko hayo. Lakini huko Nyamira, kwenye migomba yake, alikuwako baba yake.

Mzee Mokaya alikuwa mpigaji wa obokano, ile ala kubwa ya Wakisii yenye ngozi na nyuzi nane, ambayo ikipigwa hata kiti ulichokalia kinatetemeka. Alimfundisha Nyagaka akiwa bado hajaota meno ya pili. Basi siku kijana aliposema anakwenda kutafuta kazi ya chai, mzee aliwaka. "Mikono hii nimeifundisha nyuzi," alisema, "wewe unaipeleka kwa mashine?" Wakaachana vibaya. Baadaye walipatana, kama watu wa nyumba moja wanavyopatana, bila mtu kuomba msamaha. Krismasi moja wakaenda pamoja kwenye mazishi ya jirani, na badala ya mpigaji wakakuta kaseti na spika juu ya meza. Mzee alitema mate kando. "Mimi siku yangu nisizikwe na kaseti," alimwambia mwanawe. "Wewe ndiye utanipigia."

Alisema hivyo mara moja, akaendelea na safari yake ya kutafuta pombe. Lakini Nyagaka aliyachukua maneno yale akayaweka kifuani kama kiapo cha mahakamani.

Sasa mfikirie mtu huyo na ule mkono. Alichoogopa hakikuwa umaskini wala kulinda lango kwenye baridi ya Kericho. Aliogopa jicho la baba yake litakapoangukia pale palipokuwa na vidole. Angeambiwa nini? Nilikuambia? Hata kama mzee asingesema, angeyasema kwa kunyamaza, na Wakisii wazee wanajua kunyamaza, jamani.

Jambo la kwanza alilofanya ni kumwita Osoro, binamu yake, mchumaji wa shamba lilelile, ambaye alikuwa akienda nyumbani kila mwisho wa mwezi. "Osoro," alisema, akimtaja baba yake kwa Kikisii, "Tata asijue. Ukifungua mdomo, mimi na wewe tumemalizana." Osoro akalamba kidole, akakielekeza mbinguni.

Jambo la pili lilikuwa gita.

Wazo lilimjia langoni, saa za mvua. Rafiki yake Kipkirui, seremala wa karakana ya masanduku ya chai, mtu wa huko Kabianga, alikuwa amejikinga pamoja naye kwenye kibanda cha mlinzi. Nyagaka alikuwa akipigapiga ukuta wa mabati kwa kidole gumba kilichobaki. Ghafla akasema, "Obokano haikabwi."

"Haikabwi nini?"

"Nyuzi. Kila uzi una sauti yake. Nyuzi nane, sauti nane, hakuna kukaba. Mkono wa kulia nne, na hiki kidole gumba nne. Gita la shingo mbili, Kipkirui! Unalilaza mapajani, shingo ya juu ya mkono huu, shingo ya chini ya huu mbovu."

Kipkirui alifikiri. "Sasa kwa nini usitengeneze hiyo obokano yenyewe?"

"Kwa sababu obokano mkono wa kushoto unaonekana," alisema Nyagaka.

Ndiyo hiyo siri yote. Alitaka sanduku la kutosha kuficha mkono. Angeingia kwa baba yake na gita limefungwa kwa blanketi, angekaa, angelilaza mapajani, angempigia mzee akiwa hai, na mzee asione kitu. Na siku ya kuzikwa ikifika, angempigia tena. Kipkirui alimtazama muda mrefu. "Chorwenyun," alisema, na hilo kwao ni rafiki yangu, "mficha maradhi kilio humfichua." Lakini kesho yake alikuja na msumeno. Rafiki wa kweli ndiye huyo: anakuambia unakosea, halafu anakushikia mbao.

Sanduku lilitoka kwa Chepngetich, mke wa Kipkirui, aliyekuwa akifagia nyumba ya meneja. Meneja alivuta zile sigara nene za kahawia zinazouzwa ndani ya visanduku vya mbao, na vikiisha alivitupa. Mbao yake ilikuwa nyembamba, kavu, ukiigonga kwa kucha inajibu. Chepngetich alikuwa navyo viwili, na vyote vilikuwa na kazi. "Sasa vifungo vyangu nitaweka wapi? Na mbegu za sukuma?" alifoka. Wakamletea kopo la mafuta ya kupikia, akanuna, akavitoa.

Kisanduku kimoja kilikuwa kidogo kwa shingo mbili, ndiyo maana waliviunga viwili ubavu kwa ubavu. Shingo walizichonga kwa saipras. Vigingi vya kukazia nyuzi vilitoka kwenye mizizi ya michai iliyong'olewa, na mti wa mchai ni mgumu ajabu, kisu kiliteleza mpaka Kipkirui akamwita mamaye. Nyuzi nene zilikuwa waya wa breki ya baiskeli, uliosokotolewa ukagawanywa. Nyembamba zilikuwa nailoni ya wavuvi iliyonunuliwa soko la Sondu. Nyagaka alibana mti kwa magoti, akachonga kwa mkono mmoja, akajikata, akatukana, akaendelea. Phanice alirudi kutoka kuchuma, mgongo ukimuuma kwa kikapu, akakuta vumbi la mbao kwenye sufuria. Alilimwaga tu. Kwa mara ya kwanza tangu ajali alikuwa amemsikia mume wake akipiga mluzi.

Kulijenga kulikuwa rahisi. Taabu ilikuja wakati wa kulipatanisha sauti.

Ukikaza nyuzi za shingo ya juu, zile za chini zinalegea. Ukikaza za chini, za juu zinalegea. Sanduku lilikuwa linajikunja pale kwenye kiungo. "Hili gita ni mtu mwenye wake wawili," Kipkirui alisema. "Ukimnunulia huyu leso, yule ananuna." Mwishowe walipata kipande cha chuma cha kitanda kilichovunjika, wakakipitisha ndani ya visanduku vyote viwili, na ndoa ikatulia.

Sauti ya kwanza Nyagaka aliipata kwa king'ora cha kiwanda. Wapigaji wote wa kambi walifanya hivyo. Binadamu anapandisha sauti akifurahi, anashusha akiwa na njaa, lakini king'ora kinalia vilevile kila asubuhi. Alikuwa akisimama mlangoni kabla ya kwenda lindo, gita kifuani, akingoja. Kikilia, anazungusha kigingi mpaka uzi mnene unakubaliana nacho. Phanice anapita na kikapu chake, watu wanakimbilia mashamba, yeye amefumba macho.

Kisha mchana mvua ya Kericho inanyesha, mbao inakunywa unyevu, na kazi yote inaharibika. Akaanza kulitundika juu ya jiko, kwenye moshi, likauke. Likakauka. Pole pole nyuzi zikakaa: wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba. Kila mmoja aliutafuta kwenye kumbukumbu ya mapaja ya baba yake, alipokuwa akikaa mdogo akisikiliza. Wa nane ukakataa.

Hakuukumbuka. Alijua ulikuwa pale, mwishoni, unajibu ule wa pili, lakini kila akiukaza aliona si wenyewe. Alikaza, alilegeza. Wiki zikapita, miezi ikaanza kupita.

"Si uende tu nyumbani," Kipkirui alisema, "mzee akuimbie huo mmoja? Dakika moja!"

"Nikienda bila gita ataona mkono."

"Na gita halijaisha mpaka uende."

"Ndiyo."

Kipkirui akatupa msasa chini. "Basi wewe una wazimu, na mimi nimekushikia mbao bure."

Na wakati huo wote Osoro alikuwa analeta salamu. Mwanzoni zilikuwa salamu tu: mzee anakuuliza, uko wapi siku hizi? Mwezi mwingine: mzee ameanguka shambani, upande mmoja umelala, lakini anaongea. Nyagaka alikaa chini aliposikia hilo. Alishika kichwa. Phanice akaanza kukunja nguo za safari, akamwona mumewe ameinuka, amelishusha gita kutoka kwenye moshi, amerudi kwenye ule uzi wa nane.

"Baba Kerubo," alisema Phanice, akimwita kwa jina la mtoto wao, "mzee amelala kitandani."

"Nimesikia. Nikiupata huu, tunaondoka kesho."

Osoro akarudi tena. "Anasema uje. Hata siku moja tu." Safari hiyo hakumtazama Nyagaka usoni, alitazama miguu yake mwenyewe. Nyagaka akajibu kwamba barabara ya nyumbani, ile ya Sotik, bado si nzuri. Haki ya Mungu, aibu! Fujo ile ya Wakisii na Wakipsigis ilikuwa ya mwaka wa tisini na mbili, na tangu hapo magari yalikuwa yanapita na mahindi, na kuku, na maharusi. Kipkirui alikuwepo, akasikia. "Nitakuvusha Sotik mimi mwenyewe," alisema. "Nitatembea mbele yako. Mtu akiuliza, nitajibu kwa lugha yetu. Twende Jumamosi." Nyagaka alisema sawa. Jumamosi ikafika, uzi ukawa bado, akasema Jumamosi ijayo.

Siku hiyo Phanice alipasuka. Alikuwa mwanamke wa kumeza maneno, lakini hayo hayakumezeka. "Mzee anakufa, wewe unakaza waya! Unafikiri atasikiliza huo uzi mmoja? Unafikiri anahesabu?"

"Wewe hujui," Nyagaka alisema. "Yule ni Mokaya. Atasikia. Siendi kumwonyesha hiki kisiki halafu nimpigie uongo juu yake."

"Mimi najua ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema Phanice, akachukua kikapu akaenda kazini akilia njia nzima, wachumaji wenzake wakidhani ameachwa.

Halafu Osoro akaja katikati ya wiki. Wachumaji hawaendi kwa watu katikati ya wiki, saa za kazi. Nyagaka alikuwa kwenye lango, mvua inanyesha, akamwona anakuja mbio bila kujifunika. Osoro alisimama mbele yake. Nyagaka aliweka rungu chini, akaliegemeza vizuri kwenye ukuta wa kibanda, kana kwamba kuliegemeza vizuri ndiyo kazi kubwa iliyobaki duniani.

"Lini?" aliuliza.

"Jana jioni."

Walisafiri na gita limefungwa kwa blanketi. Kipkirui alitimiza ahadi, akawapeleka mpaka Sotik ingawa hakukuwa na haja, na hakuna aliyewauliza kitu. Walipoachana alimshika Nyagaka bega, akarudi zake.

Nyumbani kulikuwa na watu tele. Nyagaka alimwona baba yake ndani ya jeneza, amepungua, shavu moja limeshuka. Alilia kama watu wanavyolia. Kisha akaomba kiti. Akakaa karibu na kaburi, akafungua blanketi, akalaza gita mapajani, na mkono wa kushoto ukaingia nyuma ya visanduku vya meneja, kidole gumba peke yake kikafika kwenye nyuzi. Uzi wa nane aliukaza kwa kukisia tu, basi, ufike ulipofika.

Akapiga.

Alipiga ule wimbo wa mazishi ambao Mokaya aliwapigia wafu wa kijiji kizima. Ulianza chini, kwenye waya wa breki, ukapanda. Wanawake waliokuwa wamechoka kulia walianza upya. Wazee wenzake Mokaya waliinamisha vichwa, na mmoja, aliyekuwa akipiga obokano zamani naye, alisema kwa sauti, "Huyu amemrudisha Mokaya mwenyewe!" Uzi wa nane ulilia mara nyingi katika wimbo ule. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyekunja uso. Na Nyagaka, Mungu amsamehe, alifurahi. Pale kando ya baba yake alifurahi, moyo ulijaa, akajiambia: nimetimiza, Tata, na hukuona.

Watu walipokwisha kula na kuanza kutawanyika, dada yake Yunia alikuja akaketi karibu naye kwenye benchi. Yunia ndiye aliyemuuguza mzee; alimlisha, akamgeuza, akamwosha. Alikuwa amekonda. Bila kuomba ruhusa aliingiza mkono chini ya blanketi, akautoa ule wa kaka yake, akauweka kwenye mapaja yake akautazama.

Nyagaka aliuvuta. Yunia hakuuachia.

"Usinifiche," alisema. "Tata alijua."

"Alijua nini?"

"Alijua. Osoro alimwambia mwezi uleule ulipoumia. Alijaribu kunyamaza, mzee akamuuliza mbona macho yako mekundu, Osoro akaanza kulia hapo uani. Usimkasirikie. Tata mwenyewe ndiye aliyekataza tusikwambie. Alisema, akijua najua, ataona haya zaidi. Mwacheni, atakuja mwenyewe."

Nyagaka aliacha kuuvuta. Alikuwa anamtazama dada yake mdomoni, kama mtu asiyesikia vizuri.

"Na alipoanguka," Yunia aliendelea, "ule upande uliolala ulikuwa wa kushoto. Si uliona? Basi akaupenda huo ugonjwa, huwezi kuamini. Alikuwa ananiambia, sasa mimi na Nyagaka tuko sawa, tukijumlisha tuna mikono miwili mizima, mwambieni aje tucheke. Kila gari likisimama barabarani ananiuliza, ni yeye? Namwambia siye. Ananiambia nimwinue kwenye mto, asikutwe amelala vibaya. Nilimwinua kila siku, Nyagaka. Hata juzi nilimwinua."

Phanice, aliyekuwa akiosha sahani karibu, aliacha kuosha. Nyagaka alikohoa. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtoto anayeomba apewe kitu kidogo tu, chochote.

"Na ule wimbo?" aliuliza. "Alisema nini juu ya wimbo aliotaka nimpigie?"

Yunia alifikiri. Alifikiri kwa bidii, maskini, kwa sababu aliona kaka yake anahitaji jibu.

"Wimbo gani?" alisema.